Farasi Hajui Jumapili

Katika uwanja wa mbio wa Ngong, jijini Nairobi, farasi huanza kazi akiwa na umri wa miaka 2. Wengi wakifika miaka 6 au 7 miguu imechoka, kasi imepungua, na mwenyewe anatafuta wa kuwachukua. Hapo bei huporomoka. Mnyama aliyelelewa kwa gharama kubwa anaweza kuuzwa kwa pesa pungufu ya ng'ombe mzuri wa maziwa, na wengine hutolewa bure kwa yeyote atakayeahidi kuwatunza. Habari hiyo ikimfikia mzazi mwenye kiwanja chenye nyasi kule Karen, Tigoni au Kitengela, na binti anayelala na picha za farasi ukutani, uamuzi huwa umekwisha kufanyika kabla chai haijapoa.

Farasi anayetunzwa vizuri huishi miaka 25 hadi 30. Huyo "mstaafu" wa miaka 7 bado ana takriban miaka 20 ya kula, kunywa, kuchongwa kwato na kumwita daktari usiku. Binti wa miaka 12 atamaliza shule, ataingia chuo, ataolewa au atahamia mji mwingine, na farasi bado yuko nyuma ya nyumba akisubiri nyasi za saa kumi na mbili.

Farasi wa zawadi amewahi kumtatiza hata rais. Mwaka 1840 Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Zanzibar na Oman, alituma merikebu Sultana hadi New York ikiwa na zawadi za Rais Martin Van Buren, wakiwemo farasi wawili wa Kiarabu. Katiba ya Marekani haimruhusu rais kupokea zawadi ya mfalme bila ridhaa ya Bunge, basi farasi wakapigwa mnada na fedha zikaingia hazina ya serikali. Ni vigumu kupata udhuru mzuri kuliko huo wa kukataa farasi. Wazazi wa Karen hawana katiba ya kujifichia.

Jambo la kwanza ambalo watu hulipima ni nyasi, na nyasi hudanganya. Mtaa wa Karen wenyewe ulizaliwa kutokana na shamba la kahawa la Karen Blixen, lililouzwa mwaka 1931 na kugawanywa viwanja vya ekari 20. Kwenye ekari 20 mtu hufuga farasi bila kuumiza kichwa. Tangu hapo viwanja vimekatwa, vikakatwa tena, na vingi leo ni nusu ekari yenye nyumba, maegesho ya magari matatu na bustani iliyobaki kama ukanda. Chama cha Farasi cha Uingereza hushauri ekari 1 hadi 1.5 za malisho kwa kila farasi, na hapo wanazungumzia malisho yanayonyeshewa karibu mwaka mzima. Farasi ana meno ya mbele juu na chini, hivyo hukata jani hadi usawa wa ardhi, tofauti na ng'ombe anayelizungushia ulimi na kulivuta. Ongeza kilo 500 zilizosimama juu ya kwato nne, na nusu ekari iliyokuwa kijani mwezi Desemba huwa vumbi kufikia Februari na tope kufikia Aprili.

Kwa hiyo uwanja wa nyumbani ni mahali pa farasi kutembea na kunyoosha miguu. Chakula huja kwa lori. Farasi wa kilo 500 anahitaji karibu kilo 10 za nyasi kavu kwa siku, na robota la nyasi aina ya Boma Rhodes huwa na uzito wa kilo 12 hadi 15. Hesabu marobota 300 kwa mwaka kwa farasi mmoja, yanunuliwe mvua zikiisha kabla ukame haujapandisha bei, yahifadhiwe mahali pakavu yasiote ukungu. Maji ni lita 25 hadi 50 kwa siku, na zaidi jua likiwa kali, katika jiji lenye mgao wa maji ambako wengi huishi kwa boza au kisima cha kuchimba. Na kinachoingia hutoka: kilo 20 hivi za samadi kila siku, zaidi ya tani 7 kwa mwaka. Wakulima wa mboga huichukua kwa furaha, lakini wao huja siku wanayotaka wao, na nzi huja kila siku.

Halafu kuna jambo ambalo wauzaji hulitaja mwishoni, kama wanalitaja kabisa. Farasi ni mnyama wa kundi. Anaweza kusinzia akiwa amesimama kwa sababu mishipa ya miguu yake hujifunga ikambeba bila misuli kuchoka, ila usingizi mzito humtaka alale chini, walau nusu saa hivi kwa siku. Hatalala chini asipojiona salama, na usalama kwake ni mwenzake aliyesimama akitazama. Farasi aliyewekwa peke yake anaweza kukaa siku nyingi bila kulala chini, mpaka siku moja magoti yanalegea akiwa wima na kuanguka. Wengine huanza kung'ata mbao za banda na kumeza hewa, au kuyumba kushoto na kulia mlangoni saa nzima. Mwenye nyumba hudhani ni tabia mbaya.

Uswisi waliliona hili kuwa zito kiasi cha kuliandikia sheria. Tangu mwaka 2008 kanuni zao za ulinzi wa wanyama zinataka kila farasi aweze kumwona, kumsikia na kumnusa mnyama mwingine wa jamii ya farasi. Sheria ya Kenya ya Kuzuia Ukatili dhidi ya Wanyama, Sura ya 360, inajali zaidi njaa, kipigo na kazi za kupita kiasi. Lakini sheria ikiwepo isiwepo, shingo ya farasi hugeuka upande uleule kutafuta mwenzake.

Basi anayepanga kufuga farasi mmoja nyumbani anapanga kufuga wawili. Wapo wanaomwekea mbuzi, na wapo wanaomwekea punda, ambaye ni rafiki mwema ila huweza kubeba minyoo ya mapafu bila kuugua na kumpa farasi anayeugua kweli. Wakiwa wawili nako kuna yake: ukimtoa mmoja kwenda matembezini, anayebaki hulia mpaka majirani wachungulie. Ndivyo watu wanavyojikuta na watatu.

Mfugaji wa Kenya ana faida moja juu ya mtu wa mjini London anayewaza jambo hili: anajua mifugo. Amekua akiona ng'ombe wakikamuliwa, wakiogeshwa dawa ya kupe, wakilishwa unga wa ng'ombe wa maziwa. Maarifa hayohayo ndiyo yanayoweza kumuua farasi.

Chukua chakula cha kununua. Baadhi ya vyakula vya kuku huchanganywa na monensini, dawa ya kuzuia ugonjwa wa kuharisha damu, na ng'ombe pia hupewa ili wanenepe. Kuku na ng'ombe huivumilia. Farasi huharibika misuli ya moyo kwa kiasi kidogo tu, na hakuna dawa ya kuizima ikishaingia. Si lazima mtu amlishe farasi chakula cha kuku kwa makusudi. Inatosha gunia kufanana na gunia, au kiwanda kuchanganya chakula cha farasi katika mashine iliyotoka kuchanganya cha kuku bila kuisafisha. Mtu wa kibandani aliyeishiwa chakula cha farasi saa moja jioni, akaona gunia la ng'ombe limejaa, hufanya kile ambacho mfugaji yeyote mwenye huruma angefanya.

Au chukua kupe. Kupe wa hapa humletea farasi homa inayoharibu damu, basi ni lazima wadhibitiwe. Ng'ombe wa jirani huogeshwa amitrazi, na kupe huanguka kama mchanga. Farasi akimwagiwa dawa hiyo anaweza kulegea akawa kama amelewa, matumbo yakaacha kusukuma chakula, yakaziba. Kwa farasi tumbo lililoziba ni dharura ya kufa na kupona, maana hawezi kutapika. Kilichoingia kina njia moja tu ya kutoka.

Nyasi za kikuyu, zilizochukua jina la watu wa nyanda hizi na kusafiri hadi Australia, zina oksalati inayofunga madini ya kalsiamu. Tumbo la ng'ombe lina vijidudu vya kuivunja. Farasi hanavyo vya kutosha, na akikaa miezi mingi akila kikuyu huku akiongezewa pumba za ngano zenye fosforasi nyingi, mwili huanza kuchota kalsiamu kutoka mifupani. Anachechemea leo mguu huu, kesho ule, na mwishowe mifupa ya uso huvimba. Ndiyo maana wenye mazizi makubwa hung'ang'ania Boma Rhodes: nyasi za Rhodes zina oksalati kidogo. Setaria nayo, inayopandwa na wafugaji wengi wa ng'ombe, iko kwenye orodha ya kuogopwa.

Bustani ndiyo mbaya zaidi. Majani ya mparachichi, mti ulio katika kila boma la nyanda za juu, yana sumu inayovimbisha kichwa na kuumiza moyo wa farasi. Oleanda, ile miti ya maua ya waridi na meupe inayopamba njia za kuingilia nyumba za watu wenye uwezo, huua kwa majani machache. Na kuna jirani mwema anayekata nyasi zake kwa mashine kila Jumamosi, anazikusanya, anazimwaga juu ya ua wa kayaba ili farasi afurahi. Nyasi hizo mbichi, laini, zilizorundikwa, huanza kuchacha ndani ya saa chache, na farasi huzibugia bila kutafuna. Jirani huyo atakuja kutoa pole bila kujua alichofanya.

Yote hayo mtu anaweza kuyasoma na kuyaepuka. Ugonjwa wa farasi wa Afrika hauepukiki kwa kusoma. Huletwa na virusi vya aina 9, vinavyobebwa na visubi, wale wadudu wadogo wanaopenya hata kwenye chandarua cha mbu. Katika sura yake ya mapafu, farasi anaweza kula vizuri asubuhi, jioni akahema kwa shida huku povu likimtoka puani, na asione alfajiri. Kati ya farasi 100 wasio na kinga wanaougua hivyo, zaidi ya 90 hufa. Tiba hakuna.

Pundamilia hubeba virusi hivyo na kuendelea kula majani kama kwamba hakuna kitu. Mwaka 1987 pundamilia kutoka Namibia walipelekwa Hispania na ugonjwa ukazuka huko, ukarudi mwaka baada ya mwaka hadi 1990. Mwaka 2020 uliingia Thailand, nchi isiyowahi kuuona, ukaua farasi zaidi ya 500. Hapa Nairobi mtu hahitaji kuagiza pundamilia. Hifadhi ya Taifa ya Nairobi imepakana na Lang'ata, na upande wake wa kusini uko wazi. Mvua zikinyesha pundamilia hutoka kuelekea nyanda za Kitengela, kulekule ambako watu wanauziwa viwanja kwa matangazo ya "nafasi kwa farasi wako".

Wanajeshi waliujua ugonjwa huu kwa uchungu. Mwaka 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, kikosi cha wapanda farasi kutoka Afrika Kusini chini ya Jenerali van Deventer kilisukumwa kutoka upande wa Arusha hadi Kondoa Irangi katikati ya masika. Kilifika Kondoa mwezi Aprili kikiwa kimepoteza mamia ya farasi njiani, na wengi wa wapanda farasi wakawa askari wa miguu. Kadiri vita vilivyosonga kusini, mbung'o walimalizia kazi. Mizigo iliyopaswa kubebwa na wanyama ikahamia mabegani mwa wapagazi wa Kiafrika, ambao Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi zimebaki na jina la kikosi chao.

Mbung'o leo hawasumbui Nairobi, kwa kuwa jiji liko juu, ingawa katika vilima vya Shimba huko Kwale bado wapo. Unguja walimalizwa kabisa: wataalamu walimwaga madume waliotasishwa kwa mionzi mpaka mbung'o wa mwisho akaonekana mwaka 1996, na sasa wageni hupanda farasi ufukweni bila hofu hiyo. Kwa visubi hakuna aliyefanikiwa hivyo. Kilichopo ni chanjo ya kila mwaka, dawa ya kufukuza wadudu, kukausha madimbwi, na kumwingiza farasi bandani kabla jua halijazama ili asitoke mpaka limechomoza, hasa miezi inayofuata mvua kubwa. Visubi ni dhaifu wa kuruka, hivyo feni ya kawaida iliyofungwa juu ya mlango husaidia kuliko watu wanavyodhani.

Hapo picha ya farasi akilala nje chini ya mbalamwezi inafutika. Anahitaji kutembea na wenzake, na anahitaji kufungiwa usiku kucha. Hayo mawili hugombana, na anayeyasuluhisha kila siku, saa ileile, ni saisi, yaani mtunza farasi.

Katika mazungumzo mengi ya kufuga farasi nyumbani, saisi hutajwa baada ya tandiko. Watu huuliza bei ya tandiko la mitumba, rangi ya banda, mahali pa kununua maranda ya kutandika chini. Saisi huonekana kama sehemu ya bei ya nyasi. Huko Uingereza, mwenye farasi nyumbani mara nyingi ndiye anayevaa mabuti saa kumi na moja alfajiri, anazoa samadi, kisha anaoga na kwenda ofisini. Kenya si hivyo. Mwenye farasi huwa Westlands kwenye foleni ya magari, na anayejua kama farasi amekunywa maji leo ni mtu mwingine. Kwa hiyo swali la kumweka farasi nyumbani, hapa kwetu, ni swali la kuajiri.

Saa kumi na mbili asubuhi saisi mzuri hufungua mlango wa banda na kabla hajasema neno amekwisha kujua mengi. Anatazama mavi: farasi mzima hunya mara 8 hadi 12 kwa siku, na sakafu yenye chungu mbili tu baada ya usiku mzima ni taarifa. Anatazama ndoo ya maji, chakula kilichobaki, maranda yaliyovurugwa na farasi aliyejigaragaza kwa maumivu. Msimu wa ugonjwa anapima joto mara mbili kwa siku, maana homa hutangulia kuonekana kabla ya povu, na anajua kwamba nyuzi 38.5 ndio mpaka. Anakwangua kila kwato kwa chuma na kunusa kama kuna uozo. Ndipo anapomtoa nje, anazoa, anajaza maji, na mzunguko unaanza upya mpaka saa kumi na moja jioni, farasi warudi ndani kabla visubi hawajaamka. Hakuna shule kubwa inayotoa cheti cha mambo haya. Wengi wameyapata kazini, kwa baba au mjomba, katika mazizi ya Ngong au mashamba ya Naivasha na Nanyuki, na baadhi ya majoki wanaovaa rangi siku za mbio walianzia kwenye sepetu.

Sasa piga hesabu ambayo wengi hawaipigi. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa mfanyakazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku 7, na likizo ya siku 21 za kazi kwa mwaka. Siku 52 na siku 21 ni 73. Sikukuu bado, ugonjwa bado, msiba wa nyumbani Vihiga au Bomet bado. Farasi hula siku zote hizo. Nani atamfungulia? Jibu la kawaida ni askari wa getini, mtunza bustani, au mpishi, yaani watu wale wale ambao saa moja jioni wataliona gunia la ng'ombe na kulihurumia tumbo la farasi. Nyumba yenye farasi wawili inahitaji watu wawili waliofundishwa, na chumba cha mmoja wao kiwe hatua chache kutoka bandani, kwa kuwa msokoto wa tumbo hausubiri basi la kwanza.

Kuna na hili. Katika mazizi makubwa masaisi ni wengi: kijana huuliza mzee, mmoja akisafiri mwingine anashika, na farasi mwenye tabia ngumu hupewa anayemweza. Saisi wa nyumbani hana wa kumuuliza. Upweke ule uliosemwa juu ya farasi unamhusu naye. Akipata nafasi kwenye zizi lenye wenzake na mshahara mzuri zaidi, ataondoka, na ataondoka na kila kitu alichokijua kuhusu farasi wako: kwamba anaogopa miavuli, kwamba mguu wa nyuma wa kushoto humuuma asubuhi za baridi, kwamba akiacha makapi kidogo si ugonjwa ila akiacha nyasi piga simu.

Historia ya farasi nchini Kenya imejaa wenye majina. Anayejulikana zaidi pengine ni Beryl Markham, aliyezaliwa Uingereza mwaka 1902, akalelewa Njoro katika shamba la baba yake, Charles Clutterbuck, aliyekuwa mkufunzi wa farasi wa mbio. Akapata leseni ya ukufunzi akiwa bado msichana, kabla ya kuruka kwa ndege peke yake juu ya bahari ya Atlantiki kutoka mashariki kwenda magharibi mwaka 1936. Alikua pamoja na kijana wa Kikalenjin, Kibii, ambaye baadaye aliitwa arap Ruta na kufanya naye kazi mazizini kwa miaka mingi. Tunamjua arap Ruta hasa kwa sababu Markham alimwandika katika kitabu chake cha mwaka 1942. Wengine wa aina yake hawakuandikwa, ingawa mikono yao ndiyo iliyokuwa kwenye hatamu saa farasi walipokuwa wakiugua.

Njia nyingine ya kumiliki farasi ipo na watu wengi wa Nairobi huitumia: kumlaza kwa wenye mazizi na kulipa kila mwezi. Bei yake hushtua, na ndiyo inayowafanya wengi warudi nyumbani na kalamu. Wanaandika bei ya robota, wanazidisha kwa marobota ya mwezi, wanaona nafuu kubwa. Hawaandiki farasi wa pili. Hawaandiki masaisi wawili. Hawaandiki kwamba daktari akienda zizini huona farasi 20 kwa safari moja, na nauli yake hugawanywa, lakini akija Kitengela kwa farasi mmoja safari nzima ni yako. Fundi wa kwato ni vilevile, naye huja kila wiki 6 hadi 8, farasi apandwe asipandwe. Kalamu ikiandika kila kitu, mazizi ya watu mara nyingi huwa rahisi kwa mtu mwenye farasi mmoja au wawili.

Lakini nyumbani kuna mazuri yake, na si haki kuyaficha. Pale penye ekari 3 au 4, kama Naivasha, Nanyuki au pembezoni mwa Tigoni, farasi anaweza kushinda nje siku nzima na wenzake, jambo ambalo mazizi ya mjini yaliyobanana hayaliwezi. Habadilishiwi jirani kila mwezi. Mtoto anayezoa samadi kabla ya kwenda shule hujifunza mengi kuliko anayeshuka kwenye gari Jumamosi na kukuta farasi ametandikwa tayari. Na kwa farasi mzee asiyepandwa tena, uwanja wa nyumbani wenye kivuli na rafiki mmoja unaweza kuwa bora kuliko mahali pengine popote. Nyumba zinazofaulu hufanana kwa jambo moja: yupo mtu wa familia anayekuwepo mchana, anayeweza kumshika farasi bila saisi, na anayejua kusoma kipimajoto.

Anayesitasita anaweza kujaribu bila kununua. Mazizi mengi yana farasi wanaohitaji kupandwa, na mwenyewe hukubali mtu achangie gharama kwa siku kadhaa za wiki. Jaribio la maana ni la mwezi Aprili, katika masika, na liwe la saa kumi na mbili asubuhi pamoja na saisi, tope likiwa hadi kifundoni, si la Januari saa tano na jua tamu. Familia inayotoka hapo bado inataka farasi imekwisha kujibu sehemu kubwa ya swali lake.

Sehemu inayobaki haipendwi kuzungumzwa. Farasi hufa, na hufa akiwa na kilo 500. Akifia kwenye nusu ekari iliyozungukwa na ukuta, shimo lake linahitaji mtambo wa kuchimba, na mtambo unahitaji njia ya kupita kati ya nyumba na tangi la maji. Mara nyingi zaidi hafi mwenyewe; inafika saa ambapo daktari anasema upasuaji hauwezekani au hauna maana, na anahitaji mtu wa kusema ndiyo. Msokoto mbaya wa tumbo hutoa muda wa saa chache tu. Mwenye farasi yuko Dubai kwa biashara, simu yake imezimwa ndani ya ndege, na saisi amesimama na kamba mkononi mbele ya mnyama anayejipigiza chini, bila ruhusa ya kumwamuru daktari lolote wala ya kutumia shilingi moja.

Ndiyo maana madaktari wa farasi wenye uzoefu huomba karatasi moja ibandikwe ukutani katika chumba cha chakula cha farasi kabla hajashushwa kwenye lori: namba mbili za madaktari, kiasi cha pesa kinachoweza kutumika bila kuuliza, jina la saisi, na sentensi iliyotiwa sahihi na mwenye mali inayosema kwamba yeye asipopatikana, neno la saisi kwa daktari ni neno lake.